Upana wa Chumba cha Kusikilizia

Mume wangu alitengeneza redio za watu kwa miaka thelathini na minane, na sikio lake la kushoto likafa kabla ya la kulia. Daktari wa masikio alisema la kulia nalo liko njiani. Alisema sauti nyembamba zimeshaondoka, kama za ndege na kengele ya baiskeli, na kwamba zile nene ndizo zitakazobaki kidogo, kisha nazo zitaondoka moja moja. Mume wangu akamuuliza kama litafika mwisho wa mwaka. Daktari akaziangalia karatasi zake kwa muda mrefu, akasema mambo ya maana tusiyaweke mbali.

Jambo la maana lilikuwa moja. Kitindamimba wetu aliimba kwaya, sauti ya pili, na baba yake alikuwa akiwarekodi siku za mazoezi. Kuna kanda moja yenye wimbo wa beti nne, na ubeti wa tatu anauimba yeye peke yake. Alifariki akiwa na miaka ishirini na mitatu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Picha zake tunazo, na nguo zake mbili ziko kwenye sanduku langu, lakini sauti yake iko pale tu, haifiki hata dakika moja na nusu. Mume wangu alitaka kuisikia vizuri mara moja kabla sikio halijafunga.

Sebuleni haikuwezekana. Sebule yetu ina sakafu tupu ya saruji, bati lisilo na dari na madirisha mawili makubwa ya vioo, kwa hiyo sauti inagonga huku na kurudi kule mpaka maneno yanakuwa uji. Spika za kuvaa kichwani daktari alizikataza. Mume wangu akazijaribu kwa siri, zikampigia mluzi ndani ya kichwa siku mbili, akashinda amelala na kitambaa machoni. Kifaa cha kupachika sikioni alichopewa na daktari kilimletea milio ya vijiko, viatu na milango, sauti ya mtu kikaiacha nje. Ndipo siku moja akaweka kanda sebuleni, akakaa mbele ya spika karibu kuigusa kwa goti, akainamisha sikio la kulia. Wimbo ulipokwisha akanigeukia, akaniuliza kama nilikuwa nimeshawasha.

Siku hiyohiyo akachana karatasi ya mfuko wa saruji akaanza kuchora chumba.

Wifi yangu, dada yake mdogo, tunapakana naye uani, na kati yetu kuna ukuta wa kufika kifuani. Akaweka viwiko juu ya ukuta akauliza tunajenga nini. Nikamwambia chumba cha kusikilizia muziki. Akasema watu wa umri wetu wanajenga choo cha ndani, kaka yake anajenga zizi la kufugia nyimbo. Nilicheka, maana wifi ana ulimi, lakini nilipogeuka nikamwona mume wangu ameduwaa. Alikuwa ameona midomo inacheka na hakujua kinachochekwa. Tangu siku hiyo nilijifunza kusema naye kwa sauti nene ya kifuani, mdomo karibu na sikio, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa bado inaingia. Wifi akasema naongea kama askari wa gwaride.

Nilidhani chumba ni chumba. Nikamwambia apige kuta nne, aweke mlango, basi. Akasema hapana, vipimo ndiyo kazi yenyewe, na kuta zikishakauka hakuna fundi redio duniani atakayezitengeneza. Akanieleza kwa kitambaa, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na mambo mengine hayanikai kichwani. Akachukua kipande cha mistari mezani kwangu, akakikunja katikati sawasawa, mistari ikalala juu ya mistari. Akasema sauti nene ni ndefu, inatoka kwenye spika inagonga ukuta inarudi, na kama urefu na upana viko sawa, zinarudi zote na kulaliana hivi. Noti moja inavimba mpaka inaziba nyingine, na ukisogea hatua moja hiyohiyo haipo kabisa. Kisha akakikunja kombo, mistari ikasambaa kila mmoja mahali pake. Akasema hiki ndicho tunachotaka, urefu, upana na kimo visifanane, na kimoja kisiwe mara mbili ya kingine. Mtu mwenye masikio mazima atavumilia chumba kibaya. Yeye amebakiwa na sauti nene tu, na zikivimba ndizo zitakazomzamisha binti yake.

Kwa wiki tatu tukawa tunapima vyumba vya watu. Mimi nilibeba utepe wangu wa kushonea, wa inchi sitini, yeye akabeba daftari. Tuliingia stoo ya mashine ya kusaga, karakana ya seremala, chumba cha kungojea cha zahanati kabla wagonjwa hawajafika, darasa moja la shule ya msingi. Kila mahali alisimama kona moja akavuma kwa mdomo uliofungwa, akishuka pole pole kama anayeteremka ngazi, huku akitembea kuelekea kona ya pili. Mimi nilimfuata, kazi yangu ikiwa kumgusa bega pale nitakaposikia sauti inavimba au inapotea. Pale zahanati muuguzi akatuuliza kama mzee anaumwa tumbo. Nikamwambia tunachagua chumba. Akasema basi chukueni hicho, kimejaa watu kila siku hamtakuwa wapweke.

Lakini kila wiki nilimgusa bega zaidi na yeye akatambua mwenyewe kidogo zaidi. Mwanzoni alikuwa anasimama kabla sijamgusa. Wiki ya tatu, kwenye karakana ya seremala, noti moja ilivimba mpaka misumari kwenye kopo ikatetemeka, na yeye akapita katikati yake anaendelea kutembea.

Akachagua akiwa na haraka. Kimo futi tisa, upana kumi na moja na nusu, urefu kumi na nne, vyote ndani kwa ndani baada ya lipu. Uani tulikuwa na nafasi ya kutosha.

Fundi mwashi tuliyempata tunamwita Timazi, kwa vile ni mwembamba na husimama wima, kama ile kamba ya waashi ya kunyooshea ukuta, hata akiwa amechoka. Ni mtu wa maneno machache. Aliniambia jambo moja, na alilisema waziwazi. Yeye hupima msingi nje kwa nje, ndivyo alivyofundishwa. Nikitaka vipimo vya ndani, niongeze unene wa kuta mwenyewe nimwandikie, tofali inchi sita na lipu inchi moja, pande mbili. Futi moja na inchi mbili kwa kila kipimo. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Kila gauni nililokata maishani nililiongezea nyongeza ya mshono.

Mume wangu siku hiyo alikuwa anafunga begi kwenda hospitali kubwa, akae kwa mwanetu wa kwanza siku kumi na moja wampime upya. Muda wa basi ulikuwa umekaribia, kwa hiyo karatasi ya fundi niliiandika mimi, mezani kwenye cherehani yangu. Nikaandika upana kumi na moja na nusu, nikaongeza futi na inchi mbili. Hapo akaingia mteja kuchukua sare za watoto wake, akataka kuzihesabu, akakuta kifungo kimoja kimelegea, nikakikaza. Alipotoka nikarudi kwenye karatasi, nikaongeza futi na inchi mbili. Nikaikunja nikampa fundi, na mume wangu nikambebea begi mpaka barabarani.

Nimeurudia mchana ule kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Niliongeza mara mbili kwenye mstari wa upana. Kwenye urefu sikuongeza kitu.

Aliporudi kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya mlango. Hata hakuvua viatu vya safari. Alikuwa amekonda, na karatasi mpya ya daktari ilikuwa imekunjwa mara nne mfukoni. Akapita moja kwa moja uani, akaingia mlangoni, akasimama katikati ya zile kuta zisizo na bati, akafunga mdomo akaanza kuvuma. Mimi nilisimama kizingitini. Alishuka ngazi mbili tatu, na mara kuta zikaitika. Noti ikavimba, ikajaa, mimi mwenyewe niliisikia mpaka kwenye meno. Na yeye pia, maana aliacha papo hapo.

Akautoa utepe wangu mfukoni mwa aproni yangu bila kuniomba. Akapima huku, akapima kule. Akapima tena kwa kuanzia upande wa pili. Ukitoa lipu itakayopigwa, futi kumi na mbili na inchi nane. Futi kumi na mbili na inchi kumi. Chumba cha mraba. Akakaa juu ya rundo la matofali, utepe ukining'inia mkononi.

Fundi alikuwa juu ya jukwaa lake. Mume wangu akampigia kelele, na mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe hupiga kelele bila kipimo. Alimwita kipofu, akamwita mpima makaburi, akamwambia hata kuku angekwaruza mstatili mzuri kuliko huo. Timazi akashuka taratibu, akajifuta mikono. Akanitazama mimi, si yeye. Nilijua karatasi yangu iko ndani ya kofia yake, ndiko anakoweka karatasi zote. Alingoja. Nami nikatazama miguu yangu. Basi akachukua mwiko wake na timazi yake na pima maji, akavifunga kwenye gunia, akaondoka.

Siku ile sikusema. Na siku ya pili yake sikusema. Nilishona, nikapika, nikapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Kila nilipokusanya maneno nilikumbuka kwamba kwake siwezi kunong'ona. Watu wengine wakikosa husogea karibu wakasema polepole, yakaisha baina yao. Mimi kosa langu nililazimika kulipigia kelele, na wifi yuko nyuma ya ukuta wa kufika kifuani.

Asubuhi ya tatu nikamkuta bafuni ananyoa ndevu. Bomba limefunguliwa mpaka mwisho, maji yanafurika kwenye beseni, yanamiminika sakafuni, yamefika mlangoni. Yeye ananyoa taratibu, miguu ndani ya maji. Nilipolifunga akaliangalia bomba, kisha akaniangalia mimi.

"Juzi nilikuwa nalisikia hili," akasema.

Nikampeleka uani, nikamweka juu ya yale matofali, nikaweka mdomo sikioni mwake. Nikamwambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba karatasi niliandika mimi, kwamba niliongeza mara mbili upande mmoja, kwamba fundi hana kosa. Hakushika. Ilibidi nirudie, na mara ya pili niliposema "ni mimi" nikamwona wifi amesimama na ndoo, hana pa kujificha. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na maneno ya kilio hayashikiki kabisa. Wifi akaweka ndoo chini, akaukwea ukuta ule kwa umri wake wote, akamshika kaka yake bega, akamwonyesha mimi kwa kidole, akaonyesha karatasi ya kufikirika, akanyoosha vidole viwili, akaonyesha upande mmoja.

Akaelewa. Nikatamani anitukane.

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Niliogopa," nikasema sikioni mwake.

"Siku mbili," akasema. "Ungejua siku mbili hizi nimepoteza nini."

Akaomba penseli. Wifi ndiye aliyeikimbilia.

Alikokotoa juu ya tofali, hana muda wa kutafuta daftari. Kurefusha chumba kungetaka msingi mpya, wiki mbili si chini. Akaacha urefu ulivyo, futi kumi na mbili na inchi kumi, akaacha kimo tisa, akatafuta upana wa kukaa kati ya hivyo viwili bila kulingana na kimojawapo. Akaandika akafuta, akaandika akafuta, tofali likawa jeusi. Mwisho akapigia mstari futi kumi na inchi tatu. Chumba kitakuwa kidogo, akasema, lakini sauti hazitalaliana.

Kisha akavaa shati safi akaenda mwenyewe kwa Timazi. Sikumfuata. Najua tu kwamba alirudi naye, gunia begani, na fundi aliponipita akanirudishia karatasi yangu imelowa jasho, akasema, "Hii yako, mama," kama mtu anayerudisha sindano iliyoanguka.

Ni Timazi aliyesema tusibomoe. Kubomoa kunakula siku na matofali yanavunjika. Akajenga ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, akiacha nafasi katikati ya mtu kupita kiubavu, na mume wangu akasema ile nafasi ijazwe vitambaa, vitakunywa besi, zile sauti nene zinazovimba. Nikatoa magunia yangu yote ya vipande. Miaka ya mabaki ya sare, mapazia, magauni ya maharusi, bitana za makoti. Tulivishindilia kwa mpini wa ufagio, mimi huku na wifi kule, na hakuna aliyetania. Mabati yakapanda. Dari ya mbao ikapigwa futi tisa kamili, nimeipima mara nne.

Lipu haikutaka kukauka. Anga lilikuwa zito wiki nzima. Nikawasha majiko mawili ya mkaa ndani, mlango wazi, nikawa nayahamisha kutoka kona hadi kona kama ninayepiga pasi kuta. Kila nilipotoka kuchukua mkaa nilipita karibu yake nikasema neno moja tu kwa sauti yangu ya kawaida ya gwaride, "chai", au "mvua", kuona kama atageuka. Jumatatu aligeuka. Jumatano aligeuka baada ya kuniona. Ijumaa nilisema neno hilo mara tatu nyuma yake, na mkono wake uliendelea kusafisha kichwa cha mashine ya kanda kwa pamba, taratibu, duara moja baada ya jingine.

Jumamosi alasiri akasema hatungoji tena. Kuta zilikuwa bado na madoa ya unyevu ya kijivu. Tukatandika zulia la sebuleni, tukaingiza spika mbili, mashine, viti viwili. Timazi alikaa nje kwenye kizingiti cha jikoni na kofia yake mkononi. Wifi aliingiza kuku wake bandani.

Mume wangu akafunga mlango. Kimya cha humo ndani kilikuwa kipya kwangu, kimya kinene, nikasikia tumbo langu. Akanishika mkono, akauweka juu ya goti lake. Akaniambia ubeti wa tatu ukianza nimbonyeze, na ukiisha nimbonyeze tena.

"Usinidanganye," akasema. "Kwa huruma yoyote ile, usinidanganye."

Nikaahidi kwa kichwa. Nikawasha.

Sijui niseme nini juu ya chumba kile. Nilikuwa nimeisikia kanda hiyo sebuleni labda mara ishirini, na kumbe sikuwahi kuisikia. Kila mwimbaji alikuwa na mahali pake. Kulikuwa na mtu anayekohoa nyuma, upande wa kulia. Kulikuwa na benchi linalolia. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kwaya ikanyamaza, na katika ule unyamavu nikasikia mwanangu anavuta pumzi. Pumzi tu, fupi, ya mtu anayeogopa kidogo. Miaka kumi na tisa sikujua kwamba siku ile aliogopa. Nikambonyeza baba yake goti.

Akainamisha kichwa. Binti akaimba, yuko mbele yetu, futi nne, ningeweza kunyoosha mkono. Mume wangu akasogeza kiti mbele kidogo. Akasogeza nyuma. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya maji. Akafumba macho, akayafumbua, akaniangalia kujua kama ni sasa, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni sasa, ni sasa hivi. Akaweka kiganja ukutani kwenye lipu mbichi.

Ubeti ukaisha. Nikambonyeza mara ya pili. Hakuondoa kiganja. Wanaume wakaingia na sauti ya nne, nzito, ile inayotembea chini kabisa, na hapo uso wake ukafunguka.

"Kuna mtu," akasema kwa sauti kubwa. "Kuna mtu anaimba. Ndiye?"

Alikuwa anatabasamu. Alinitazama kwa tabasamu hilo na machozi yakiwa yameshaanza, na kulikuwa na neno moja dogo ambalo lingetosha, ambalo nisingehitaji hata kulipigia kelele, ningeinamisha kichwa tu. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kukiinamisha.

Nikatikisa kichwa kwamba siye. Nikaweka mdomo sikioni mwake nikasema hao ni wanaume, yeye ameshamaliza.

Tabasamu likakaa pale kidogo, halijui pa kwenda. Akashusha mkono. Kiganja chake kilikuwa kimeacha alama kwenye lipu, vidole vyote vitano.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akabeba kiti chake mpaka karibu na kona, akakaa, akaushika tena mkono wangu. Pumzi ile fupi ikaja, nikambonyeza. Akangoja. Nikambonyeza. Wanaume wakaingia.

"Huyu siye," akasema, sasa bila kuuliza.

Akasimama, akasogeza kiti inchi chache kutoka ukutani, akapima kwa macho umbali wa kwenda kwenye spika, akasogeza inchi nyingine mbili, akakaa.

"Rudisha."

Nikarudisha.